Jina Lako Katika Daftari la Wakopeshaji



Katika masomo yaliyopita tumezungumza juu ya mishahara, saa za kazi na usalama kazini. Somo la leo linahusu deni. Baadhi ya wenzetu watauliza: deni la mtu ni jambo lake na nyumba yake, chama cha wafanyakazi kinaingilia kwa sababu gani? Jibu letu ni hili. Siku hizi deni la mfanyakazi si siri tena. Linaandikwa, linahesabiwa, linapewa alama, na alama hiyo inasomwa na benki, na vyama vya akiba na mikopo, na wakopeshaji wa simu, na mara nyingine hata na mwajiri anayetafuta watu wa kuajiri. Tena, kama tutakavyoona, kosa la mwajiri linaweza kuandikwa katika jina la mfanyakazi. Hapo ndipo chama kinapoingia.

Somo hili tumeliandika kwa ajili ya wenzetu wa mashamba ya miwa, wa mashamba ya chai, na wa viwanda vya Jinja na kwingineko Uganda, ambao wametoka pande mbalimbali na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Tunaomba lisomwe kwa sauti katika mikutano ya matawi, ili na wale wasiojua kusoma wapate faida.

1. DAFTARI HILI NI KITU GANI?

Kila mmoja wetu anaijua ile duka iliyo karibu na kambi. Mwenye duka ana daftari lake chini ya meza. Ukichukua unga, sukari au sabuni kabla ya mshahara, anaandika. Mwisho wa mwezi ukilipa, anapiga mstari. Ukipita njia ya nyuma ili asikuone, anaandika hilo pia, ikiwa si katika daftari basi katika kichwa chake. Mwezi unaofuata ukimwomba akukopeshe, hana haja ya kuuliza mtu. Anafungua daftari.

Benki ya mjini haikujui. Haijui kambi yako wala nyapara wako. Kwa hiyo wakopeshaji wamewekewa utaratibu wa kupeleka hesabu za wateja wao katika ofisi maalumu za kumbukumbu za mikopo. Watu wengi wanaziita CRB. Ofisi hizi zinapewa leseni na Benki Kuu ya nchi. Uganda ilianza utaratibu huu mwezi Desemba 2008, na kanuni mpya zilitolewa mwaka 2022. Kenya ilitoa kanuni zake za kwanza mwaka 2008, na ofisi ya kwanza ikapewa leseni mwaka 2010. Tanzania nayo ilitoa kanuni zake mwaka 2012.

Katika kumbukumbu hizo mna jina lako, namba ya kitambulisho chako, mikopo uliyochukua, kiasi kilichobaki, na kama unalipa kwa wakati au umechelewa. Kwa sababu hesabu inafuata namba ya kitambulisho, haifai kitu kutupa laini ya simu na kununua nyingine. Laini ni mpya lakini mtu ni yule yule.

Kutokana na hesabu hizo ofisi inatoa namba moja, ndiyo alama ya mkopo. Huko Kenya, kwa mfano, ofisi ya Metropol inatoa alama kuanzia 200 hadi 900. Anayekaribia 900 anahesabiwa kuwa mlipaji mzuri. Anayekaribia 200 anahesabiwa kuwa mtu wa hatari, na akiomba mkopo atanyimwa, au atapewa kidogo, au atapewa kwa riba kubwa.

Tukumbuke kwamba daftari hili halijui sababu. Halijui kwamba mtoto alilazwa hospitali. Halijui kwamba kiwanda kilifungwa miezi miwili kwa kukosa miwa. Linajua tarehe ya kulipa, na kama fedha zilifika au hazikufika.

2. TUJIFUNZE KWA WENZETU WA KENYA

Tumechagua kisa cha Kenya kwa sababu wenzetu huko walitangulia katika mikopo ya simu, na yaliyowapata yanaweza kutupata. Mwezi Novemba 2012 ulianzishwa mkopo wa simu uitwao M-Shwari. Benki iliyouanzisha ndiyo iliyoshirikiana na MTN kuleta MoKash hapa Uganda mwaka 2016. Kwa hiyo si habari za mbali.

Mkopo wa namna hii una uzuri wake. Haukuulizi hati ya shamba, haukutaki usafiri kwenda mjini, na fedha zinaingia usiku ule ule mgonjwa anapozihitaji. Lakini hebu tufanye hesabu. M-Shwari ulianza kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukikopa shilingi 1,000 utarudisha 1,075. Mtu anasema, 75 ni kitu gani? Lakini akikopa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, atakuwa amelipa ada ya shilingi 900, na bado yuko na haja ya ile 1,000 kama alivyokuwa mwanzo. Huyo hakukopa ili ajenge. Alilipia mwaka mzima ili mshahara wake ufike siku chache kabla ya wakati wake.

Baadaye walizuka wakopeshaji wengi wa simu ambao hawakuwa chini ya Benki Kuu. Walikopesha shilingi mia chache, na mtu akichelewa walipeleka jina lake katika ofisi za kumbukumbu. Wengine walichukua namba zilizomo katika simu ya mkopaji na kuwapigia ndugu zake, jirani zake, hata wakubwa wake kazini, ili wamwaibishe. Wafanyakazi wengi waligundua kwamba majina yao yamechafuliwa siku walipokwenda kuomba mkopo wa ada ya shule, na sababu ilikuwa deni dogo walilokwisha kulisahau.

Kelele za wananchi zilisikika. Mwezi Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliwanyang'anya wakopeshaji wa simu wasiodhibitiwa ruhusa ya kupeleka majina. Kanuni mpya za mwaka huo zikasema deni lisilofika shilingi 1,000 za Kenya lisipelekwe kama doa katika jina la mtu. Mwezi Machi 2022 zikatoka kanuni za wakopeshaji wa simu: wawe na leseni, na ni marufuku kutisha mkopaji au kumwaibisha kwa watu waliomo katika simu yake.

Mwezi Novemba 2022 Benki Kuu hiyo ilitangaza nafuu kwa mikopo ya simu ya muda wa siku 30 au chini yake iliyokuwa imeshindwa kulipwa. Wakopeshaji walitakiwa kupunguza nusu ya deni. Iliyotajwa ni hesabu ya wakopaji wapatao milioni 4.2, na madeni ya takriban shilingi bilioni 30 za Kenya. Tukigawa, ni kama shilingi 7,100 kwa kila mmoja. Tazameni basi, ndugu zetu. Hao si matajiri waliokimbia na mali ya benki. Ni watu wa kima cha chini, waliofungwa na deni lisilofika mshahara wa mwezi mmoja wa wengi wao.

Nafuu hiyo ilikwisha tarehe 31 Mei 2023. Aliyefuatilia jina lake aliweza kujua kwamba linamhusu. Ambaye hakujua kwamba jina lake limo, angejuaje kwamba nafuu ni yake? Hilo ni fundisho la kwanza: jina lako ulitazame mwenyewe kabla hujatazamiwa na mwingine.

3. KOSA LA MWAJIRI, DOA LA MFANYAKAZI

Sasa tuje kwenye jambo linalotuuma zaidi. Wengi wetu hatulipi mikopo kwa mkono. Tunakatwa. Karani wa mishahara anakata kila mwezi, na kampuni inatakiwa kupeleka fedha hizo benki au katika chama cha akiba na mikopo. Mfanyakazi akiona makato katika karatasi ya mshahara anatulia, kwa kuwa anaamini deni linapungua.

Tuchukue mfano. Mfanyakazi wa kiwanda amekopa shilingi 1,200,000 za Uganda, na anakatwa 120,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza na wa pili fedha zinafika. Mwezi wa tatu kampuni ina shida ya fedha, inakata lakini inazitumia kulipia mafuta ya magari. Mwezi wa nne hivyo hivyo. Mwezi wa tano na wa sita hivyo hivyo. Katika karatasi yake ya mshahara mfanyakazi amelipa shilingi 720,000. Katika kitabu cha benki amelipa 240,000 tu. Kwa desturi ya mabenki, mkopo uliopitisha siku 90 bila kulipwa unahesabiwa kuwa mkopo mbovu, na jina linalopelekwa katika ofisi ya kumbukumbu ni la mfanyakazi. Jina la kampuni haliandikwi hapo.

Katika shamba moja la chai tulilolitembelea kwa kazi ya chama tulikuta jambo hili hili. Makato ya miezi mitano yalikuwa hayakupelekwa. Liligunduliwa na mama mmoja mchumaji, aliyekwenda kuomba mkopo wa kumpeleka binti yake sekondari. Karani wa benki alimwambia, "Mama, wewe hulipi madeni." Alirudi kambini akilia kwa aibu, kwa maana hakuwahi kukosa kazi hata siku moja tangu achukue mkopo ule. Wenzake walipoulizana, ikaonekana kwamba hali ni hiyo hiyo kwa wote waliokopa.

Tawi liliitisha mkutano. Kila aliyekopa aliombwa alete karatasi zake za mshahara. Hapo tukaona tofauti. Waliokuwa wametunza karatasi zote walikuwa wachache. Wengine walikuwa wamewashia moto, wengine zilikuwa zimeliwa na panya, wengine walikuwa wamewapa watoto wafanyie hesabu. Kwa karatasi za wale wachache tuliandika barua kwa kampuni, na nakala tukapeleka kwa afisa wa kazi wa wilaya. Meneja alianza kwa kukana. Alipoonyeshwa karatasi zenye makato alisema ni kuchelewa tu. Baada ya mikutano mitatu kampuni ilipeleka fedha.

Watu walishangilia, wakadhani kazi imekwisha. Haikwisha. Miezi mitatu baadaye wale waliokwenda benki walikuta majina yao bado yana doa. Fedha zilikuwa zimefika, lakini hakuna aliyeandika kwamba ucheleweshaji haukuwa kosa la mfanyakazi. Ilibidi tuanze safari nyingine ya barua: kampuni iandikie benki ikiri kwamba ilikata na haikupeleka, na benki iandikie ofisi ya kumbukumbu isahihishe. Binti wa yule mama alipoteza muhula mmoja wa shule katika muda huo.

Ndiyo maana tunasema, na tunaomba jambo hili likumbukwe kuliko mengine yote ya somo hili: kulipwa kwa deni ni jambo moja, na kusafishwa kwa jina ni jambo jingine. Yadaini yote mawili.

Sheria iko upande wetu. Hapa Uganda Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupewa karatasi inayoonyesha mshahara wake na kila kilichokatwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara, na mwajiri anayekata fedha asizipeleke panapohusika anatenda kosa. Lakini sheria haitembei kwa miguu yake yenyewe. Inahitaji mtu mwenye karatasi mkononi.

4. JINSI YA KUTUNZA NA KUINUA ALAMA YAKO

(a) Lipa kwa wakati, hata kama ni kidogo. Hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Mkopo mdogo uliolipwa vizuri unajenga jina, na mkubwa uliocheleweshwa unalibomoa.

(b) Ukiona hutaweza kulipa, nenda kabla ya tarehe. Usizime simu. Mwambie mkopeshaji, omba upangiwe upya, na upate makubaliano hayo kwa maandishi. Anayekwenda mapema bado ana nafasi ya kupatana. Anayetafutwa hana.

(c) Usikope hapa ili ulipe pale. Ukiwa na mikopo mitatu ya simu kwa wakati mmoja, yote inaonekana. Tena kuomba mkopo kila mahali kwa wiki moja kunaonekana kama dalili ya mtu aliyebanwa.

(d) Kopa katika chama chenu cha akiba na mikopo kwanza, kama mnacho na kinaendeshwa vizuri. Humo mnajuana, na riba yake mnaamua wenyewe katika mkutano mkuu.

(e) Fikiri kabla ya kumdhamini mtu. Kutia sahihi ya udhamini si kusindikiza rafiki. Yeye akishindwa, deni linakuja kwako. Uliza ni kiasi gani, ni kwa muda gani, na unaweza kulilipa wewe au huwezi.

(f) Usimpe mtu kitambulisho chako wala namba zako za siri, hata akiwa nyapara wako, hata akiwa shemeji yako. Wapo waliokuta mikopo wasiyoijua katika majina yao.

(g) Deni dogo ulilolisahau lilipe leo. Tafuta katika simu yako. Shilingi chache za zamani zinaweza kukusubiri mlangoni mwa benki siku ya shida kubwa.

(h) Usikimbilie kila anayesema atakusafishia jina kwa fedha. Jambo la kweli lililoandikwa haliwezi kufutwa na mtu wa mtaani. La uongo linasahihishwa kwa barua na ushahidi, na hilo unaweza kulifanya mwenyewe pamoja na tawi lako.

Tusiwadanganye wenzetu kwamba alama hupanda kwa siku moja. Huko Kenya habari ya deni lililokuwa bovu hubaki katika kumbukumbu miaka 5 tangu siku lilipolipwa lote. Haina maana kwamba mtu amefungiwa miaka 5. Deni linaandikwa kuwa limelipwa, na kila mwezi wa kulipa vizuri unaongeza uzito upande wa pili wa mizani. Lakini ni safari, na inaanza siku unapolipa.

5. JINSI YA KUFUATILIA NA KUSAHIHISHA

Kule Kenya kila mtu ana haki ya kupata taarifa yake ya mikopo bila malipo angalau mara moja kwa mwaka. Kwa miaka mingi ofisi zenye leseni huko zimekuwa tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Mkopeshaji anatakiwa kumpa mteja notisi kabla ya kupeleka jina lake kama mtu aliyeshindwa, na kwa kawaida notisi hiyo ni ya siku 30. Hapa Uganda nako kanuni zinampa mkopaji haki ya kuiona taarifa yake na kupinga lililo kosa. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu inampa kila mtu haki ya kujua kilichoandikwa juu yake na kutaka kisahihishwe. Nenda na kitambulisho chako, uliza katika benki yako ni ofisi gani inayotunza kumbukumbu zako, na uombe taarifa.

Ukiipata taarifa, itazame hivi:

Kwanza, jina na namba ya kitambulisho. Ni zako kweli? Majina yanayofanana huleta mchanganyiko.

Pili, orodha ya mikopo. Je, yote uliichukua wewe?

Tatu, kiasi kilichobaki. Kilinganishe na karatasi zako za mshahara, mwezi kwa mwezi. Hapa ndipo makato yasiyopelekwa yanapoonekana.

Nne, mikopo uliyomaliza. Imeandikwa kwamba imekwisha? Kila unapomaliza mkopo, dai barua ya kumaliza deni, na uitunze pamoja na cheti chako cha ubatizo au cha ndoa, mahali ambapo panya hawafiki.

Ukiona kosa, usiende kugombana na karani. Andika barua. Taja jina lako, namba ya kitambulisho, mkopo unaohusika, kosa ni lipi, na unataka nini kifanyike. Ambatisha nakala za ushahidi. Ya asili usiitoe mkononi. Peleka kwa mkopeshaji, na nakala kwa ofisi ya kumbukumbu. Nakala yako mwenyewe igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Waulize kwa maandishi watakujibu lini. Wasipojibu, lipo dawati la malalamiko la Benki Kuu. Baada ya muda omba taarifa tena, uone kwa macho yako kwamba kosa limeondolewa.

6. KAZI YA TAWI

Mtu mmoja mwenye barua anaweza kuambiwa arudi kesho. Watu mia mbili wenye barua moja hawaambiwi hivyo. Kwa hiyo tunapendekeza kila tawi lifanye mambo manne.

La kwanza, lichague mjumbe mmoja wa mambo ya makato. Awe mtu anayejua hesabu na asiye na maneno mengi, kwa kuwa ataona siri za watu.

La pili, katika majadiliano ya mkataba wa pamoja, lidai kifungu cha makato: kwamba kampuni itapeleka makato ndani ya siku zilizotajwa, na kila mwezi itampa mjumbe wa tawi uthibitisho kwamba fedha zimefika.

La tatu, kifungu hicho kiseme pia kwamba kampuni ikichelewesha, gharama na faini za kuchelewa ni zake, na ni wajibu wake kuandika barua ya kumsafisha mfanyakazi. Kampuni nyingi zitakubali sehemu ya kwanza na kuikwepa hii ya pili. Msiiache.

La nne, mara moja kwa mwaka, tawi litenge siku ya kila mwanachama kuomba taarifa yake ya mikopo. Wanaojua kutumia simu wawasaidie wasiojua. Lakini kila mtu aisome ya kwake. Hatukusanyi taarifa za watu mezani.

7. NENO LA TAHADHARI

Hatutaki somo hili lieleweke vibaya. Wapo wanaotembea mashambani wakihubiri kwamba mfanyakazi akiwa na alama nzuri umaskini wake umekwisha. Si kweli. Alama nzuri inakupa mkopo wa riba nafuu. Haikuongezei mshahara. Mfanyakazi anayekopa kila mwezi ili anunue unga hana ugonjwa wa alama, ana ugonjwa wa mshahara mdogo, na dawa yake iko katika mkataba wa pamoja.

Wala alama si kipimo cha utu. Yule mama mchumaji aliambiwa halipi madeni, na katika shamba zima hapakuwa na mtu mwaminifu kumzidi. Lakini kwa kuwa daftari hili lipo, na linasomwa, ni hasara kwetu kuliacha liandikwe na wengine peke yao. Tulitazame, tulisahihishe, na tuwasaidie wenzetu walisahihishe.

MASWALI YA MAJADILIANO KATIKA TAWI

1. Katika kampuni yetu, makato ya mikopo hupelekwa wapi, na nani kati yetu amewahi kuona uthibitisho kwamba yamefika?

2. Ni wangapi kati yetu wanazo karatasi za mshahara za miezi 12 iliyopita? Wasio nazo wafanye nini?

3. Mkopo wa shilingi 100,000 kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, ukirudiwa mara 12, ada yake ni shilingi ngapi? Kwa kiasi hicho mngeweza kufanya nini katika chama chenu cha akiba na mikopo?

4. Mkataba wetu wa pamoja unasema nini juu ya makato? Kama hausemi kitu, tuandike pamoja kifungu tunachokitaka, na katibu wa tawi akilete kwenye mkutano ujao.

Umoja ni nguvu.